Yuko Nairobi

Nyumbani kwetu Migosi, mtu akiwa chooni tunasema yuko Nairobi. Ukigonga mlango, sauti kutoka ndani inajibu "Nairobi!" nawe unajua urudi ukangoje. Aliyezama kwenye gazeti na haitiki akiitwa, yuko Nairobi. Hata sufuria ikiwa imeshikwa na ugali wakati mwingine anataka kuchemshia chai, tunasema sufuria iko Nairobi, na hakuna anayecheka kwa sababu tumeshazoea. Watoto wetu walizaliwa wakayakuta maneno hayo nyumbani kama walivyokuta viti na meza, wakadhani ni Kiswahili cha kila mtu.

Siku moja katika miaka ya tisini, mwalimu wa darasa la mtoto wetu wa pili alipita nyumbani kutusalimia. Mtoto alimpokea langoni kwa adabu zote, akamwambia baba yuko Nairobi. Mwalimu akauliza atarudi lini. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Sijui, mwalimu. Ameenda na gazeti." Mwalimu aliaga akaondoka, na kabla hajafika kwenye kona mume wangu akatokea mlangoni na gazeti kwapani, akiuliza ni nani alikuwa anaongea hapo nje. Sijui mwalimu yule alituonaje kuanzia siku hiyo.

Sasa watoto wamekua na wanayapeleka maneno hayo kwenye nyumba zao, na wakwe wanauliza. Ni vizuri nieleze yalikotoka. Yalitoka kwenye neno moja la Kiingereza ambalo nusura linikoseshe mume. Mume nilimpata, lakini neno lenyewe sijalisamehe.

Kwanza niseme kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha upesi kama maneno. Napenda neno likae pale lilipowekwa. Hapa Kisumu, hiyo ni kazi bure. Chukua neno "nakuja". Mtu anainuka kwenye kiti, anavaa viatu, anafungua mlango, anakupa mgongo, kisha anakuambia, "Nakuja." Unakuja wapi, na mimi nakuona unaenda? Wenyewe wanajua maana yake ni kwamba naenda lakini nitarudi. La kurudi wanalitaja, la kwenda wanakuachia ujionee mwenyewe. Nilipokuwa mdogo kule kwetu Katito, katika Nyakach, nilimngoja shangazi yangu barabarani mchana kutwa kwa sababu aliniambia anakuja, kumbe alikuwa amepanda basi la Kendu Bay. Tangu hapo, mtu akilisema neno hilo mbele yangu namuuliza, "Unakuja au unaenda?" Wengi huniona mgomvi.

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga taipu mjini, katika kampuni moja ya kuuza nyavu na injini za mashua. Nilipanga chumba Migosi kwa mama mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani na bibi yake alikuwa wa huku huku kwetu. Alikuwa akikaa uani akichambua mchele na kusahihisha Kiswahili cha wapangaji, atake asitake mpangaji. Ukisema "kikombe yangu" alikuwa anakuuliza kikombe kimekukosea nini.

Jumapili moja kanisani kwetu alikuja mhubiri mgeni kutoka ng'ambo, na mzee mmoja wa kanisa akasimama kando yake kumtafsiria. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mgeni alipofika kwenye ndoa. Alikuwa anasema mke na mume wavumiliane, na neno alilotumia ni "bear". Sasa neno hilo kwa Kiingereza ni kuvumilia, na pia ni kuzaa, na pia ni mnyama mmoja mkubwa mwenye manyoya ambaye hajawahi kuonekana Nyanza. Mzee wetu alichukua lile la katikati. Akanyoosha mkono akatangaza, "Enyi wake, zaeni na waume zenu! Hata mkichoka, zaeni! Hata wakiwaudhi, zaeni!" Akina mama wakaitikia amina kwa nguvu. Mhubiri wa watu akafurahi kuona ujumbe umeingia, akalirudia neno lake kwa mkazo zaidi, na mzee naye akazidi kuwazalisha.

Nilijaribu kuziba kicheko kwa leso, nikashindwa. Upande wa wanaume nikaona mtu mmoja ameficha uso kwenye kitabu cha nyimbo na mabega yanamtikisika. Tuliangaliana mara moja tu, na mambo yakaharibika zaidi. Baada ya ibada alinifuata nje, akaniambia bila hata kunisalimia, "Afadhali mzee hakumchukua yule mnyama."

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya upili karibu na Bondo, na alikuja mjini mara kwa mara kumtembelea dada yake. Alikuwa mrefu, mwenye suruali fupi kidogo kuliko miguu yake, na alikuwa na ugonjwa mmoja wa kukusanya maneno ya Kiingereza yenye maana mbili. Wanaume wengine wa siku hizo walikuwa wakileta mkate na sukari. Huyu aliniletea maneno. Alinieleza habari za "light", ambalo ni mwanga na pia ni wepesi, na "fair", ambalo ni haki, ni weupe wa ngozi, na ni maonyesho ya ng'ombe. Alinisimulia jinsi mwanafunzi wake mmoja alivyotumwa ofisini kusema mwalimu wa zamu amechelewa, akasema kwa Kiingereza kwamba mwalimu "is late". Karani wa pale alikuwa amelizoea neno hilo kwenye matangazo ya vifo redioni tu, ambako maana yake ni marehemu, akashika kichwa akaanza kulia. Mwalimu wa zamu alifika akakuta anaombolezwa.

Nami nilimpa la kwetu, "nakuja", akacheka mpaka akakohoa. Tukakaa uani na mama mwenye nyumba, naye akatuchangia yake. Mwalimu alimuuliza kwa nini tunasema kupiga simu, simu imefanya nini hata ipigwe. Mama yule akasema babu yake alimweleza kwamba simu ni waya tu, neno la Waajemi, na kwamba zamani karani wa posta alikuwa na kidude cha kugongagonga ili habari ipite kwenye waya, kwa hivyo aliyekuwa akipigwa kwa kweli ni waya. Kama ni kweli au babu alijitungia, sijui. Mwalimu aliyaandika. Mama akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Huyu mwenzio ataoa kamusi," akasema.

Mwaka ukielekea ukingoni alinipeleka kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa. Nilijua kuna jambo, kwa sababu siku hiyo hakuleta neno lolote. Alikula upande mmoja wa samaki wake, ngege, akamgeuza, akamrudisha alivyokuwa. Halafu akaniambia amepewa nafasi ya naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja huko Lodwar, mbali kaskazini, na wanangoja jibu lake kabla shule hazijafungwa.

"Nyar Nyakach," akasema, maana hakuwahi kuniita kwa jina, sikuzote mimi nilikuwa binti wa Nyakach, "ukikubali watu wangu wakuje Katito Desemba, mimi sitoki Bondo. Ukikataa, naenda Lodwar, na sitakusumbua tena."

Moyo wangu ulikuwa umeshakubali kabla hajamaliza. Lakini msichana wa Nyakach hajibu hapo hapo samaki mkononi. Nikamwambia nitazungumza na mama kwanza. Tukapatana kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne, atatembea mpaka posta ya Bondo, anipigie simu ofisini, nimpe jibu.

Tulipokuwa tunaondoka, gari jeupe likapita barabarani likapiga honi, na dereva akanipungia mkono. Alikuwa mkaguzi wa hesabu wa kampuni yetu, kijana mtanashati wa hedi ofisi, ambaye wakati mmoja aliwahi kunipa lifti mpaka Katito.

"Nani huyo?" mwalimu akauliza.

"Huyo? Huyo ni Nairobi tu," nikasema.

Ofisini kwetu ndivyo tulivyowaita wote wa hedi ofisi. Tulisema Nairobi wamekasirika, Nairobi anakuja Jumatatu, Nairobi amekataa. Mwalimu hakuuliza zaidi. Nami sikudhani kuna cha kueleza.

Jumamosi nilikwenda Katito. Mama yangu alikuwa na meza yake ya omena, dagaa wa ziwani, pale sokoni, akinisikiliza huku akipima na kufunga. Aliniuliza watu wa mwalimu ni akina nani, wanakaa wapi, na kama ni mtu wa kupiga kelele. Nikasema ni mtu wa kucheka. Akamrudishia mteja chenji yake, akasema, "Wakuje." Basi. Nilirudi Kisumu na jibu langu limeiva, nikalibeba wiki nzima.

Ijumaa ilipofika nilivaa gauni la Jumapili, ingawa kwenye simu hakuna anayeona gauni. Saa nne ikikaribia, Nairobi wakapiga. Walitaka nisomewe oda ya nyavu, kisha niwasomee wao yale niliyosomewa, na laini ilikuwa mbovu kiasi kwamba kila kitu kilisemwa mara mbili kwa kupiga kelele. Nilitaja matundu ya nyavu, nikataja kamba, nikataja vyelezo, macho yangu yako kwenye saa ya ukutani. Nairobi hawakuwa na haraka. Walipokata, saa nne ilikuwa imepita kitambo. Nilikaa mbele ya ile simu mpaka jioni, na kila ilipolia alikuwa mtu anayetaka bei ya injini.

Mapokezi tulikuwa na opareta wa simu, rafiki yangu, aliyekuwa amesomea kazi hiyo na kuongea Kiingereza cha puani. Ningeweza kumuuliza. Lakini sikutaka ofisi ijue mambo yangu, hasa kama yalikuwa mambo ya kuachwa, kwa hivyo nilinyamaza. Ijumaa iliyofuata haikuleta simu. Iliyofuata pia.

Niliumia, na kwa kuwa sijui kuumia kimya, nilikasirika. Nilikasirikia Bondo nzima. Nilikasirikia kila neno lenye maana mbili alilowahi kuniletea. Nilijiambia kwamba mtu aliyezoea kucheza na maneno hakosi kucheza na watu. Jioni nilikuwa naosha vyombo kwa kelele kiasi kwamba mama mwenye nyumba alitoka uani kuangalia kama masufuria yake yako salama.

"Amekwambia hataki?" akaniuliza.

"Hajasema kitu."

"Basi hakuna neno, mwanangu. Hujaambiwa neno, unavunja vyombo kwa lipi?"

Neno lilikuwa lipo, ila lilikuwa limekaa mapokezi.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, mimi na opareta tulikwenda kula mchana kwenye vile vile vibanda vya samaki. Sikutaka kwenda pale, lakini yeye ndiye aliyekuwa ananinunulia. Opareta alikuwa mcheshi, na kila chakula cha mchana alinisimulia vituko vya wapigaji simu. Siku hiyo alinisimulia wa mzee aliyekuwa akitikisa kichwa kwenye simu badala ya kusema ndiyo. Kisha akasema, "Na kuna huyu mwingine, wiki kadhaa zimepita, huyo alikuwa mwenda wazimu kabisa. Sikukuambia kwa sababu alikuwa anakutafuta wewe, nikaona nisikutie hofu."

Nikaacha kutafuna.

"Amepiga kutoka Bondo," akasema. "Amekuuliza kwa jina. Wewe ulikuwa kwa laini na Nairobi, so nikamwambia, sorry sir, she is engaged. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikafikiri pesa imeisha kwa kibanda. Halafu akauliza, na nani? Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi, dada, hakuna mtu amewahi kuniuliza na nani. Nikamwambia, na Nairobi, sir."

"Ukamwambia na Nairobi."

"Si ulikuwa na Nairobi? Akauliza, tangu lini? Nikamwambia tangu asubuhi. Akauliza, ni jambo la kweli ama ni mchezo? Nikamwambia hao ni hedi ofisi, bwana, hawana mchezo. Nikamwambia, lakini jaribu tena baadaye, anaweza kuwa amemaliza na wao. Wacha akasirike! Akasema yeye si mtu wa namna hiyo. Akakata."

Alikuwa anacheka akigonga meza. Kisha akaniona uso, akaacha.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuudhiwa na neno hili, "engaged" kwa Kiingereza ni simu inayotumika, na pia ni msichana aliyechumbiwa. Angekuwa mwalimu wa hesabu angeuliza tena, au angedhani nina kazi nyingi. Lakini alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mwenye maana zote mbili kichwani, na siku ya kwanza katika maisha yake neno lenye maana mbili lilipomhusu mwenyewe, alichukua ile moja tu iliyomchoma. Na "Nairobi" alikuwa ameshamwona kwa macho yake, ana gari jeupe.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Bondo. Mama mwenye nyumba alinisindikiza mpaka langoni akiniambia kwamba Kiingereza kina maneno machache, ndiyo maana yanafanyishwa kazi mbili mbili kama punda. Kwa Kiswahili simu inatumika na binti anaposwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mwenzake kwamba simu imeposwa. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba hata sikucheka. Sikujua kama ameshakwenda Lodwar.

Hakuwa amekwenda. Nilimkuta katika nyumba ya walimu, mlango uko wazi, anapanga vitabu kwenye makatoni ya sabuni. Aliponiona alisimama wima kama mbele ya mkaguzi wa shule, akanyoosha mkono, akanipa hongera kwa Kiingereza safi kabisa.

"Hongera ya nini?"

"Ya uchumba."

"Uchumba wa nani?"

"Wako. Na yule wa Nairobi."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kueleza kwa upole. Upole uliniishia hapo hapo mlangoni. Nikamwambia kwamba nimeposwa na oda ya nyavu. Nikamwambia kwamba mchumba wangu ana matundu ya inchi nne na vyelezo vya plastiki. Nikamwambia kwamba "engaged" ni simu, ni simu, ni simu, na kwamba aende awafundishe wanafunzi wake hivyo kabla hawajapoteza wachumba wao wote. Jirani yake, mwalimu mwingine, akachungulia dirishani akarudi ndani. Mwalimu wangu alikaa polepole juu ya katoni, na katoni ikabonyea naye akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni.

"Simu," akasema.

"Simu."

Akaanza kucheka, kisha nikaona hicho si kicheko peke yake, macho yake yamejaa. Mimi nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Alipopata sauti akaniuliza, "Kwa hivyo hujabadilisha nia?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanywea tena. Hapo nikakumbuka kwamba Mwingereza akiulizwa hivyo akajibu ndiyo, maana yake amebadilisha. Sisi tukijibu ndiyo, maana yake ni kweli, sijabadilisha. Mwalimu alikuwa amefundisha somo hilo hilo darasani wiki iliyopita, na kichwa chake bado kilikuwa huko.

"Ndiyo gani?" akauliza.

"Achana na Kiingereza!" nikapiga kelele. "Uliza kama mtu aliyezaliwa na mama!"

Akajitoa kwenye katoni. Akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, neno moja tu. "Iyie?" Unakubali?

"Ayie," nikasema. Nimekubali.

Hakuna aliyeelewa vibaya. Alisimama pale akilisikiliza lile neno, kisha akashtuka kana kwamba kuna kitu kinaungua, akaruka juu ya makatoni na kukimbilia nje.

"Unaenda wapi?"

"Nakuja!" akaita, tayari yuko uwanjani.

Alikuwa anakimbilia kwa mwalimu mkuu kumwambia haendi Lodwar. Nilimwona anavuka uwanja wa mpira na suruali yake fupi, anazidi kuwa mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu neno lile halikuniudhi hata kidogo. Nilianza kutoa vitabu kwenye makatoni.

Watu wake walikuja Katito Desemba. Baba yangu alikaa na wazee wao sebuleni, na opareta alikuja kunisaidia jikoni, akijuta mbele ya kila mtu aliyekubali kumsikiliza. Mzee mmoja wa upande wa mwalimu, katika kuzungumza kwa adabu, akauliza kama binti wa nyumba hii hajasemewa mahali pengine. Kabla baba hajajibu, mwalimu akasema, "Alikuwa Nairobi, lakini amerudi," na vijana wote waliokuwa wameshaisikia habari hiyo wakaangua kicheko. Hapo ndipo maneno yetu yalipozaliwa.

Kisha ikafika zamu ya mama. Kwetu kuna kitu, kwa kawaida pesa, anachopewa mama wa binti kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, na kitu hicho kinaitwa ayie. Jina lake ni lile lile neno. Anakipokea mkononi na kulisema, na akishalisema ameridhia, na hakuna anayeweza kusema hakusikia. Ni neno la mama. Binti hana kazi nalo siku hiyo.

Mama alikipokea. Akakiweka mapajani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaniangalia.

"Mimi nitasema nini?" akasema. "Hii neno nimesikia kuna mtu ameshaisema Bondo, mbele ya makatoni."

Baba alikohoa. Opareta alirudi jikoni haraka. Nilitamani ardhi ya Nyakach inifungukie, na mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake, maana ndiye pekee aliyeweza kuwa amepeleka habari hiyo. Mama alituacha tuive kidogo. Kisha akacheka, akasema, "Ayie," kwa sauti kubwa ya sokoni, na sebule nzima ikapiga makofi.

Kelele zilipotulia akamgeukia mkwe wake mpya. "Sasa, mwalimu. Hii kwa Kizungu mnasemaje?"

Mwalimu akafikiri. "Iko, mama," akasema mwishowe. "Lakini ile ya Kizungu ni ya mdomo tu. Huwezi kuiweka kwa mkono wa mtu."

Mama akatazama kilichokuwa mapajani mwake, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Ndio maana mlipotea," akasema.